Mizani ya Dawa na Umri wa Mwanamke katika Usukuma

Dhahabu hupimwa kwa mizani, lakini mnunuzi mwenye busara huipima mizani yenyewe kwanza. Kanuni hii inajulikana na kila mchimbaji wa Geita, na yafaa ikumbukwe katika elimu ya dawa pia. Dawa inaposifiwa kwa faida zake, au inapolaumiwa kwa madhara yake, huulizwa imewafaa wangapi na imewadhuru wangapi. Aghalabu husahauliwa kuulizwa ni nani hao waliowekwa katika mizani, walikuwa na umri gani, na waliishi wapi. Historia ya homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi ni historia ya mizani iliyosomwa vibaya mara mbili: kwanza kwa sifa zilizopita kiasi, kisha kwa hofu iliyopita kiasi. Katika miongo hiyo hiyo, katika nchi ya Wasukuma na majirani zao, tangu mbuga za Shinyanga hadi vilima vya Geita, mwanamke wa umri ule ule alikuwa akipimwa kwa mizani nyingine kabisa, na wengi waliopimwa kwayo walipoteza maisha. Historia hizi mbili hazikupata kukutana. Kuzisoma pamoja hufunza jambo ambalo hakuna hata moja kati yake liwezalo kulifunza peke yake.

Kukoma kwa hedhi si maradhi. Ni badiliko la maumbile ambalo kwa kawaida humfikia mwanamke kati ya miaka 45 na 55, wakati vifuko vya mayai vinapopunguza, na hatimaye kuacha, kutoa homoni iitwayo estrojeni. Mwanamke aliyetimiza miezi 12 bila hedhi, pasipo sababu nyingine, huhesabiwa kuwa amevuka. Wako wanaovuka kama watu wavukao kijito wakati wa kiangazi, wasilowe hata vifundo vya miguu. Wako wengine wanaosumbuka kwa miaka: joto hupanda ghafla kifuani na usoni, jasho huwalowesha usiku, usingizi hukatika, tendo la ndoa huwa na maumivu kwa sababu ya ukavu wa uke. Na kimya kimya, bila dalili yoyote, mifupa hupoteza ugumu wake, hata mwanamke aliyeanguka kidogo tu akavunjika nyonga.

Elimu ya homoni ilipiga hatua kubwa mwaka 1929, pale Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja kwa juhudi zake, walipofaulu kuitenga homoni ya kike ya jamii ya estrojeni. Mwaka 1942 vidonge vya Premarin, vilivyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, vilianza kuuzwa Marekani. Vidonge hivyo vilituliza joto na jasho kweli kweli, na faida hiyo haijapata kukanushwa hadi leo. Lakini faida ya kweli ilivishwa madai makubwa kuliko yenyewe. Mwaka 1966 Robert Wilson, tabibu wa New York, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akafundisha kwamba kukoma kwa hedhi ni maradhi ya upungufu, na kwamba mwanamke asiyetumia homoni huoza angali hai. Kitabu kilisomwa na wengi, na baadaye ikajulikana kuwa taasisi ya mwandishi wake ilipokea fedha za watengenezaji wa dawa. Hapo ndipo mizani iliposomwa vibaya mara ya kwanza. Mwaka 1975 tafiti mbili zilizotoka pamoja katika jarida la New England Journal of Medicine zilionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni peke yake walipatwa na saratani ya utando wa mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wasioitumia. Tangu hapo ikawa kanuni ya utabibu kwamba mwanamke mwenye mfuko wa uzazi asipewe estrojeni bila kuongezewa homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, ili kuulinda utando huo.

Mwaka huo huo wa 1966 ambao kitabu cha Wilson kilitoka, mgodi wa chini kwa chini wa Geita, uliokuwa ukitoa dhahabu tangu 1936, ulifungwa. Upande wa mashariki, Mwadui karibu na Shinyanga, almasi zilizovumbuliwa na John Williamson mwaka 1940 ziliendelea kuchimbwa. Migodi hii iliajiri wanaume. Wanawake walibaki katika mashamba ya pamba na mahindi, na jikoni. Jiko hilo nalo lina historia yake. Katika miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza, ikisaidiwa na watemi, ilianza kufyeka misitu ya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o; kilimo cha pamba na wingi wa ng'ombe ukaendeleza kazi ile ya shoka, hata sehemu kubwa ya nchi ikabaki uwanda mtupu. Kuni zikawa adimu, mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe vikawa nishati ya kupikia. Mwanamke aliyeanza kupika akiwa binti wa miaka 10, akaendelea kupika hadi miaka 60, alikuwa amekaa katika moshi huo kwa nusu karne. Macho yake yakawa mekundu.

Macho mekundu yakageuzwa kuwa ushahidi. Katika Usukuma mwanamke mzee hakukosa heshima: alikuwa bibi wa wajukuu, mkunga, mshauri wa wake za wanawe, na pengine mfumu mwenye kutibu. Lakini heshima hiyo ilitegemea watu waliomzunguka. Mjane aliyekwisha kukoma uzazi, asiye na mwana wa kiume wa kumtetea, mwenye kipande cha shamba au ng'ombe wachache, alikuwa katika hatari kila mtoto wa jirani alipokufa kwa homa na mpiga ramli akaulizwa chanzo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandika sheria ya uchawi mwaka 1922 na nyingine mwaka 1928. Sheria iliwakataza watu kurogana na kushutumiana, lakini haikuufuta woga. Hesabu za serikali, ambazo mtaalamu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amezichambua, zaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake katika hao walizidi 2,200, na zaidi ya nusu ya waliouawa walikuwa wa Usukuma. Mesaki ameeleza pia jinsi operesheni ya kuwahamishia watu vijijini katika miaka ya 1970 ilivyowasogeza karibu majirani waliozoea kukaa mbali mbali, wakaishi wakitazamana kwa shaka.

Serikali ilipoamka, iliamka kwa ukali usio na mizani. Msako wa polisi katika Mwanza na Shinyanga mnamo 1976 uliwakamata watu wengi, na baadhi yao waliteswa hata wakafa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya maovu hayo ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Jina lake lilipata heshima kwa uungwana ule. Majina ya akina mama waliouawa hayakuandikwa popote ambapo mwanafunzi wa historia anaweza kuyasoma, na mauaji hayakukoma. Yaliendelea kuripotiwa hata katika karne hii.

Si haki kusema kwamba kukoma kwa hedhi ndiko kulikowaua wanawake hawa. Waliuawa na wanadamu, kwa mapanga, kwa sababu za woga, wivu na tamaa ya mali. Lakini ni haki kusema kwamba waliuawa katika umri ambao jamii na dola vilikuwa vimeacha kuwatazama isipokuwa kwa shaka. Ushahidi wa jambo hili umo katika zahanati zenyewe. Chama cha uzazi wa mpango kiitwacho UMATI kilianzishwa mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 kliniki za mama na mtoto zilienea nchini, na zilifanya kazi njema isiyo na kifani. Sindano ya kuzuia mimba ikafahamika hata katika vijiji vya mbali. Dawa iliyomo katika sindano ile, medroksiprojesteroni, ni ya aina ile ile iliyochanganywa na estrojeni katika vidonge vya wanawake wa Marekani waliokoma hedhi. Basi homoni zenyewe hazikuwa ngeni Shinyanga wala Geita. Mwanamke alipewa homoni ili apange uzazi; uzazi ulipokoma, kadi yake ya kliniki ilikoma pia. Dola ilimhesabu kwa kuwa mama, na kwa kuwa si mama tena haikumhesabu.

Kosa la pili la mizani lilitokea mwaka 2002. Katika miaka ya 1990 utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative ulianzishwa Marekani, na sehemu yake moja iliwagawa wanawake 16,608 wenye mfuko wa uzazi, nusu wakipewa vidonge vya homoni mbili na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 5 na kidogo, Julai 2002, sehemu hiyo ilisimamishwa. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, waliopata saratani ya matiti walizidi kwa 8, kiharusi kwa 8, damu kuganda mapafuni kwa 8, na maradhi ya moyo kwa 7. Upande wa pili wa mizani, waliovunjika nyonga walipungua kwa 5 na waliopata saratani ya utumbo mpana walipungua kwa 6. Habari zikaenea ulimwenguni kwamba homoni zinaua. Mamilioni ya wanawake waliacha dawa, hata wale ambao iliwafaa, na madaktari wengi wakaogopa kuiandika.

Tarakimu zilikuwa za kweli. Kilichokosewa ni kuzisoma. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka 10 kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Utafiti uliwapima wanawake wazee ili kujua kama dawa inakinga moyo, nao wasomaji wakahukumu kana kwamba umewapima wanawake wa miaka 50 wasiolala kwa sababu ya jasho. Uchambuzi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya moyo ilikuwa ndogo zaidi kwa walioanza mapema. Mwaka 2017 ikaelezwa kwamba, baada ya kufuatiliwa kwa miaka kama 18, waliotumia dawa hawakufa kwa wingi kuliko wasioitumia. Hata hivyo hofu yote haikuwa bure. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha mkusanyo wa tafiti uliojumlisha wanawake zaidi ya 100,000 wenye saratani ya matiti, ukathibitisha kwamba hatari hiyo huongezeka kadiri miaka ya kutumia dawa inavyoongezeka, hasa kwa dawa ya homoni mbili. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuondoa baadhi ya maonyo makali yaliyowekwa juu ya dawa hizi, lakini onyo la saratani ya utando wa mfuko wa uzazi, kwa estrojeni itumiwayo peke yake, likaachwa.

Kutokana na safari hiyo ndefu, mizani ya leo yasoma hivi. Kwa mwanamke mwenye afya, ambaye hajatimiza miaka 60 au hajapita miaka 10 tangu kukoma hedhi, na ambaye dalili zinamtaabisha, faida za homoni kwa kawaida huzidi madhara yake. Aliyepata kuugua saratani ya matiti, kiharusi, au kuganda kwa damu, na mwenye maradhi makali ya ini, kwa kawaida hazimfai. Atokwaye na damu isiyojulikana chanzo hapewi kabla ya kuchunguzwa. Homoni ipitayo katika ngozi kwa kibandiko huonekana kuwa na hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko ile ya kumezwa. Na ile ya kupaka ukeni, kwa ajili ya ukavu, huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana.

Lakini mizani hii imetengenezwa kwa wanawake wa nchi nyingine. Ikichukuliwa hadi Geita, yapasa iongezewe mawe mengine ya kupimia. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Kuizunguka, maelfu ya wachimbaji wadogo walijaa, na safari hii wanawake hawakubaki jikoni tu. Wanaponda mawe, wanaosha mchanga katika mialo, wanapika na kuuza chakula machimboni. Mwanamke wa miaka 50 afanyaye kazi hiyo akilalamika kwamba anatoka jasho usiku, haimpasi mganga kufikiri kwanza juu ya homoni. Jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu, na vumbi la mawe hukiita kifua kikuu. Joto la ghafla laweza kuwa malaria. Kukosa usingizi, kusahau na kutetemeka mikono vyaweza kuletwa na mvuke wa zebaki itumiwayo kukamatia dhahabu. Damu itokayo baada ya hedhi kukoma yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kwa wingi kuliko saratani nyingine zote; na kichocho, maradhi ya siku nyingi katika Usukuma, nacho huweza kudhuru viungo vya uzazi na kuleta damu. Kumpa mwanamke huyu kidonge bila uchunguzi ni kumfunika macho. Kumwambia kwamba hayo ni mambo ya uzee, arudi nyumbani, nako ni kumfunika macho vile vile.

Pia hatari ya dawa hukua au hupungua kwa kadiri ya umbali wa hospitali. Kiharusi huogopwa zaidi pale ambapo shinikizo la damu halipimwi mara kwa mara, na saratani ya matiti huogopwa zaidi pale inapogunduliwa imechelewa. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Geita aliifikia kwa kuvuka ghuba ya ziwa kwa kivuko, hadi daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Tiba ya mionzi nayo kwa muda mrefu ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Tarakimu ya wanawake 8 katika 10,000 ilipatikana mahali ambapo waliougua waliweza kutibiwa upesi. Mahali pengine idadi ya wanaougua yaweza kuwa ile ile, na idadi ya wanaokufa ikawa nyingine.

Yako maneno mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza husema kwamba jambo hili si la Afrika, kwa kuwa zamani watu hawakufikia uzee. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1960 wastani wa umri wa kuishi Tanzania ulikuwa chini ya miaka 50, na sasa umevuka 60. Lakini wastani ule ulishushwa na vifo vya watoto. Mwanamke aliyepona utotoni na katika uzazi aliweza kuufikia ukongwe, na vikongwe waliouawa ni ushahidi wa kutosha kwamba walikuwapo. La pili husema kwamba dawa ingeliwaokoa. Hilo nalo si kweli. Wekundu wa macho uliletwa na moshi, vumbi na maradhi ya macho. Hata ukavu wa macho uongezekao kwa umri haukutulizwa na homoni: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2001 uliona kwamba wanawake waliotumia estrojeni walilalamikia macho makavu zaidi kuliko wasioitumia. Tiba ya macho yale ilikuwa miti. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza kufufua ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma, na katika mengi ya maeneo hayo kuni zimerudi. Mpanda miti naye aliwatumikia wanawake wazee, ingawa hakukusudia hivyo.

Wanawake wa Marekani waliumizwa na sifa mwaka 1966 na wakaumizwa na hofu mwaka 2002, lakini walau walihesabiwa. Na kwa kuwa walihesabiwa, makosa yaliweza kuonekana na kusahihishwa. Wanawake wa Shinyanga na Geita walihesabiwa kwa umri huo katika majalada ya polisi. Ndiyo sababu swali la faida na hatari ya homoni katika nchi hii haliwezi kuanzia kwenye kidonge. Laanzia katika daftari la zahanati. Mwanamke wa miaka 50 aendapo kupimwa, aulizwe hedhi yake ilikoma lini, analalaje, anapikia nini, anafanya kazi gani machimboni, na shinikizo lake la damu ni kiasi gani. Na majibu yaandikwe mbele ya jina lake. Daftari hilo halina gharama kubwa. Likijazwa kwa miaka michache, mganga wa Geita atakuwa na mizani yake mwenyewe, na ataweza kumwambia mgonjwa wake, kwa hesabu iliyotoka kwa wenzake, kwamba dawa hii yamfaa au haimfai.